Namna ya kutambua alama za ndani na za nje unapopanga daraja la usafi wa almasi

Anayeitazama almasi chini ya lenzi kwa mara ya kwanza hukimbilia kutaja daraja kabla hajajua anachokiona ni nini. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: jiwe lisafishwe, kila alama ijulikane iko mahali gani, ndipo ipewe jina, na daraja lije mwisho kabisa. Makosa mengi katika kazi hii hayatokani na macho dhaifu. Hutokana na kuruka hatua, kwa mfano kudhani unyuzi wa kitambaa ni ufa wa ndani, au kuihesabu fuwele moja iliyonaswa ndani mara nane kwa sababu nyuso za chini za jiwe zimeiakisi.

Alama za ndani ni kila kitu kilichofungiwa ndani ya jiwe, pamoja na kile kinachoanzia juu na kuingia ndani. Alama za nje ni zile zinazoishia kwenye uso tu. Ninatumia neno "alama" badala ya "kasoro" kwa makusudi, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu hivi ni kumbukumbu ya namna jiwe lilivyokua, na kuna vingine ambavyo havimpunguzii mvaaji chochote.

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile kilichowekwa katika miaka ya 1950 na GIA, taasisi ya Marekani ya elimu ya vito. Kina madaraja 11, nayo ni FL, IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, I1, I2 na I3. Jiwe la FL halina alama ya ndani wala ya nje inayoonekana kwa mtaalamu anayetumia ukuzaji wa mara 10, na la IF halina alama za ndani ila lina ndogo za nje. Kuanzia hapo madaraja hushuka kwa kadiri alama zinavyozidi kuonekana kwa urahisi: VVS ni la alama ndogo mno, VS ndogo sana, SI ndogo, na I zilizo wazi. Maabara zinazofuata kanuni za CIBJO, shirikisho la dunia la vito, huandika herufi P mahali pa I kwenye madaraja ya chini, lakini namna ya kutazama ni ile ile.

Hatua ya kwanza: vifaa na mkao

Kifaa cha msingi ni lupu ya mkononi inayokuza mara 10, ambayo ndani yake lenzi tatu zimegandishwa pamoja ili rangi zisitawanyike kandokando na mistari iliyonyooka isionekane imepinda. Chagua yenye kasha jeusi au la kijivu lisilong'aa, kwa sababu kasha la rangi ya dhahabu huingiza rangi yake ndani ya jiwe. Lupu zinazotangazwa kukuza mara 20 au 30 hazifai hapa, kwani eneo linaloonekana vizuri huwa jembamba mno, na jiwe hulazimika kuikaribia lenzi mpaka mwanga unazibwa. Kama ipo hadubini ya macho mawili, itumike kutafuta na kutambua hata kwa ukuzaji mkubwa zaidi, lakini alama inayotoweka unaporudi kwenye mara 10 haina haki ya kushusha daraja.

Kaa, weka viwiko mezani, na isogeze lupu karibu kabisa na jicho huku mkono ulioishika ukigusa shavu. Mkono wenye kibano uuegemee mkono huo, na jiwe likae umbali wa sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye lenzi. Macho yote mawili yabaki wazi, maana anayefumba moja huchoka baada ya dakika chache. Taa iwe na kifuniko, na jiwe lishikwe karibu na ukingo wa kifuniko hicho ili mwanga uingie kutoka ubavuni wakati nyuma yake pana kitu cheusi. Katika mkao huo mwili wa jiwe huwa wa giza na alama nyingi za ndani hung'aa, na hiyo ndiyo kanuni ya mwanga wa uwanja mweusi unaotumika kwenye hadubini za vito.

Hatua ya pili: usafishaji

Almasi hushikana na mafuta kwa urahisi, kiasi kwamba migodi imewahi kutumia meza zilizopakwa grisi kuzinasa wakati kokoto nyingine zikisombwa na maji. Tabia hiyo hiyo hufanya mguso mmoja wa kidole utoshe kulichafua jiwe lililotoka kusafishwa. Lisugue kati ya mikunjo ya kitambaa kisichoacha nyuzi, na kama uchafu umekaza, lioshe kwa spiriti na kulikausha. Baada ya hapo lishikwe kwa kibano peke yake, kwenye mshipi, yaani ule ukingo mwembamba unaotenganisha nusu ya juu na nusu ya chini. Lisipulizwe kwa mdomo, kwa sababu pumzi huacha unyevu unaofanana na wingu.

Hatua ya tatu: kulipitia jiwe kipande kwa kipande

Almasi ya mviringo yenye mkato wa kawaida ina nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imekatwa uso mdogo. Uso mkubwa wa juu huitwa meza, nyuso zinazoizunguka mpaka kwenye mshipi ni taji, na zilizo chini ya mshipi hukutana kwenye ncha. Anza kwa kutazama kupitia meza. Lenga kwanza juu ya uso wenyewe, kisha usogeze jiwe polepole kuelekea kwenye lenzi ili kina unachokilenga kishuke ndani yake tabaka kwa tabaka hadi kwenye ncha. Wengi hulenga mara moja tu katikati ya jiwe na kuondoka wakiamini wameliona lote.

Ukimaliza meza, ligawe taji katika vipande vinane kama uso wa saa, uanzie saa 12 na kuzunguka bila kuruka. Kisha ligeuze jiwe, ulitazame kwa upande wa chini, vipande vinane vile vile. Upande huu ndio unaofichua zaidi, kwa kuwa mtu anayetazama kupitia nyuso za chini kwa pembe iliyonyooka hupata njia iliyo wazi kuingia ndani, bila vurugu za mwako unaoonekana kutoka juu. Mwisho zungusha mshipi wote. Kumbuka kubadili mahali kibano kilipoliminya jiwe, angalau mara moja, kwa sababu ncha zake hufunika sehemu ya mshipi na vivuli vyake hujirudia ndani kama alama za kijivu.

Hatua ya nne: kujua kitu kiko wapi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningeshauri mwanafunzi atumie nusu ya muda wake wote wa mazoezi kwenye hatua hii peke yake.

Swali la kwanza ni kama ulichokiona ni vumbi. Vumbi hukaa kwenye uso, kwa hiyo huonekana vizuri pale pale uso unapoonekana vizuri, na hupotea lengo mara unaposhuka ndani. Ligeuze jiwe ili mwanga urudi kutoka kwenye uso kama kioo. Uso utakuwa mweupe wote, na kitu kilicho juu yake kitajitokeza kama doa au nundu, ilhali kilichomo ndani kitafichwa na mng'ao huo. Bado una shaka, kiguse kwa brashi laini au ncha ya sindano. Kikisogea, jibu umelipata. Vumbi lililoshika upande wa chini hudanganya zaidi kuliko la juu, maana ukitazama kupitia meza huonekana liko ndani kabisa, na ni lazima uligeuze jiwe kabla ya kuamini.

Swali la pili ni kama unatazama kitu chenyewe au taswira yake. Almasi hupinda mwanga kwa kiwango kikubwa, kipimo chake kikiwa takriban 2.42, na mwanga uliomo ndani ukigonga uso kwa pembe inayozidi digrii 24.4 kutoka kwenye mstari wima wa uso huo hautoki, bali hurudishwa wote. Nyuso za chini basi hufanya kazi kama vioo vingi vilivyopangwa mviringo. Fuwele moja iliyokaa karibu na ncha inaweza kuonekana kama pete ya fuwele nane zilizolingana. Ulinganifu huo ndio unaoifichua, kwa sababu alama halisi mara chache hujipanga kwa nafasi sawa, na taswira zote husogea pamoja unapolitikisa jiwe. Litazame kutoka ubavuni na utabaki na fuwele moja. Taswira hazihesabiwi kuwa alama tofauti, ila uwezo wa fuwele kujirudia huzingatiwa wakati wa kupanga daraja, kwa kuwa umeifanya ionekane zaidi.

Swali la tatu ni kama alama imeufikia uso. Ufa uliofungiwa ndani na ufa uliofunguka juu ni vitu viwili tofauti kwa mtu atakayelipachika jiwe kwenye pete. Tumia tena mwanga unaorudi kutoka kwenye uso, na kama ufa umefika, utauona kama mstari mwembamba mweusi ukipita juu ya uso unaong'aa.

Hatua ya tano: kuzipa jina alama za ndani

Nukta ni alama ndogo kabisa, isiyo na umbo linaloweza kutambulika kwa ukuzaji wa mara 10. Nukta nyingi zilizosongamana hufanya wingu, na wingu ndilo linalowapita watu wengi, kwa sababu halina ukingo wa kuonyesha kwa kidole. Ukiona jiwe ambalo halina doa lolote lakini linaelekea kuwa na weupe kidogo kama wa maziwa, lilinganishe na jiwe safi chini ya taa ile ile. Wingu lililotanda jiwe zima hupunguza uangavu hata kama mchoro wa cheti unaonekana mtupu, na mnunuzi anayesoma mchoro bila kusoma maelezo yaliyo chini yake hukosa habari iliyo muhimu kuliko zote.

Fuwele ni madini yaliyonaswa wakati almasi inakua. Garneti huwa nyekundu, zambarau au ya machungwa, diopsidi yenye kromiamu ni ya kijani, olivini haina rangi, na wakati mwingine kilichonaswa ni almasi ndogo ndani ya kubwa. Doa jeusi sokoni huitwa kaboni, jina lisilosaidia kitu, kwa kuwa almasi yenyewe ni kaboni tupu. Doa kama hilo kwa kawaida ni salfaidi au grafiti, au hata fuwele isiyo na rangi iliyogeuka nyeusi kwa namna mwanga unavyoipiga. Litikise jiwe kabla ya kuandika "nyeusi". Fuwele ndefu na nyembamba huitwa sindano. Ukikuta vipande vyenye mng'ao wa metali, hasa vya mviringo au kama vijiti, simamisha upangaji na ulipeleke jiwe maabara, kwa kuwa hiyo ni dalili ya almasi iliyotengenezwa kwa shinikizo na joto kali.

Ufa wowote ndani ya almasi huitwa unyoya, kwa sababu ukitazamwa kwa upana hung'aa mweupe wenye michirizi kama ubawa wa ndege. Ukitazamwa kwa ukingo hubaki mstari tu, na ndiyo maana mtu aliyelitazama jiwe kwa pembe moja anaweza kuukosa kabisa. Almasi hupasuka kwa urahisi katika pande nne zinazofuata nyuso za umbo lake la asili lenye nyuso nane. Unyoya uliofuata mojawapo ya pande hizo huwa bapa na ulionyooka, na hustahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko ule uliopinda, hasa ukiwa mrefu na umefunguka karibu na mshipi au kwenye kona ya jiwe lenye ncha kali.

Nyuzi za upacha ni mfululizo wa nukta, mawingu na fuwele zilizojipanga kama utepe uliosokotwa, pale ambapo ukuaji wa jiwe uligeuka mwelekeo. Mistari ya ukuaji yenyewe huonekana na kutoweka unapolitikisa jiwe. Isiyo na rangi na isiyoakisi mwanga huachwa, lakini ikiwa myeupe, yenye rangi au yenye kuakisi, huingia kwenye hesabu.

Fundo ni fuwele ya almasi iliyofikiwa na ung'arishaji ikabaki imejitokeza juu ya uso, na mwanga unaorudi huonyesha mpaka wake waziwazi. Shimo ni nafasi iliyoachwa na fuwele iliyong'oka, au na kipande cha unyoya kilichobanduka. Pengo ni mmeguko ulioko ukingoni, na alama ya pigo ni doa dogo lenye vijufa kama mizizi, matokeo ya jiwe kugongwa. Ndevu ni nyufa fupi fupi zinazoingia ndani kutoka kwenye mshipi, zilizosababishwa na uchongaji wa haraka. Zikiwa chache hazina uzito, zikizunguka mshipi wote huupa sura ya ukungu wa kijivu.

Hatua ya sita: alama za nje

Hizi hazihitaji maneno mengi, kwa sababu nyingi huondolewa kwa kung'arisha upya na ni nadra kuamua daraja lolote lililo chini ya IF. Mkwaruzo ni mstari mweupe usiofuata mpaka wa uso wowote. Mistari ya ung'arishaji hufanana nao, ila huwa sambamba na huishia pale uso mmoja unapokutana na mwingine, ambako mwelekeo wake hubadilika. Michubuko ya kingo huzifanya zionekane nyeupe na butu, na hutokea hasa almasi zinapohifadhiwa pamoja katika karatasi moja, kwani ni almasi peke yake iwezayo kuikwaruza nyenzake kwa kawaida. Vipo pia vishimo, vimego vidogo vya ukingoni, alama za kuungua zenye ukungu zilizotokana na joto la ung'arishaji, na nyuso za ziada ambazo mchongaji aliziweka ili kuondoa kitu kingine.

Ngozi ya asili inastahili sentensi zake. Ni sehemu ya uso wa jiwe ghafi iliyoachwa bila kuguswa, mara nyingi kwenye mshipi, na huweza kuwa na pembetatu ndogo zilizozama ambazo hakuna mchongaji anayeweza kuziiga. Ikikaa ndani ya unene wa mshipi bila kuharibu mviringo wake, haizuii jiwe kupewa FL. Ikibonyea kuingia chini ya uso uliong'arishwa, hugeuka kuwa alama ya ndani.

Hatua ya saba: kazi ya mkono wa binadamu

Kabla ya kupanga daraja, tafuta dalili za jiwe kutengenezwa upya. Tundu la leza ni mfereji mwembamba ulionyooka kutoka kwenye uso hadi kwenye fuwele, uliotobolewa ili asidi iingie na kulifuta doa jeusi. Ukitazamwa kutoka juu huonekana kama nukta, na ukitazamwa kutoka ubavuni ni mstari mweupe. Mfereji wenyewe ni alama ya ndani na huhesabiwa pamoja na nyingine.

Unyoya uliojazwa dutu ya kioo ni jambo zito zaidi. Ujazo huo huufanya ufa usionekane kutoka juu, lakini ukitikisa jiwe utaona mmweko wa rangi, wa machungwa au zambarau kwenye uwanja mweusi na wa bluu au kijani mwanga unapotoka nyuma, na huenda ukaona viputo vilivyonaswa. Joto la mwenge wa sonara huweza kuuharibu ujazo huo, na GIA haitoi cheti cha daraja kwa jiwe la aina hii. Ukiuona mmweko, andika ulichokiona na usiandike daraja.

Hatua ya nane: mchoro

Chora jiwe likionekana kutoka juu, na la pili kutoka chini. Alama za ndani huchorwa kwa wino mwekundu, za nje kwa kijani, na nyuso za ziada kwa mweusi, wakati mashimo na ngozi iliyobonyea huchanganya nyekundu na kijani. Alama inayoonekana kutoka juu ichorwe juu, hata kama ulikuwa wa kwanza kuiona kutoka chini. Mchoro hauwi picha kamili, kazi yake ni kukulazimisha uamue kila kitu kiko wapi na ni nini. Ukishindwa kukichora, ujue bado hujakitambua.

Hatua ya tisa: daraja

Mambo matano huamua: ukubwa wa alama, idadi, mahali, aina, na jinsi inavyojitofautisha kwa rangi na jiwe lililoizunguka. Hayajumlishwi kama alama za mtihani. Kwa kawaida alama moja au mbili hubeba daraja lote na nyingine huwa za pembeni, kwa hiyo anza kwa kujiuliza ni ipi ungeiondoa ili jiwe lipande. Fuwele nyeusi chini ya katikati ya meza huliteremsha jiwe kuliko fuwele ya ukubwa ule ule isiyo na rangi iliyojificha chini ya taji karibu na mshipi. Umbo nalo lina kauli, kwani mkato wa ngazi wenye nyuso pana hauna mwako wa kuficha kitu, na alama ambayo mviringo ungeimeza huonekana humo bila kutafutwa.

Liweke jiwe likitazama juu, ulitazame kwa mara 10 kama vile hujawahi kuliona, na upime ugumu wa kuipata alama kuu. Ikiwa ni ngumu mno kuiona hata kwa anayejua ilipo, uko kwenye VVS, na katika VVS1 mara nyingi inapatikana kutoka chini tu. Ikiwa ni ndogo lakini unaifikia kwa juhudi, ni VS1, na juhudi ikipungua ni VS2. Ikikujia mara tu unapolenga, ni SI1, na ikikukabili kabla hujalenga vizuri, ni SI2. Kuanzia I1 alama iko wazi na huanza kugusa uangavu au uimara wa jiwe, na hapo ndipo jicho tupu linapoanza kuwa na neno la kusema. Jicho tupu lisitumike kupanga madaraja ya juu, kwani SI1 nyingi huonekana safi bila lenzi, na jiwe kubwa la mkato wa ngazi lenye VS2 wakati mwingine halionekani hivyo.

Ukikwama kati ya madaraja mawili, usikodolee macho zaidi. Liweke kando, tazama mawe mengine, kisha urudi. Jicho lililokwisha kuijua alama huiona kubwa kila linaporudia, na anayepanga huishia kuliadhibu jiwe kwa uchovu wake mwenyewe.

Almasi iliyokwisha kupachikwa haipangwi kwa uhakika. Makucha ya pete hufunika sehemu za mshipi ambako manyoya na mapengo hukaa, dhahabu hurudisha rangi yake ndani, na upande wa chini haufikiki. Andika madaraja mawili yanayopakana, kwa mfano VS2 hadi SI1, chora yale tu uliyoyaona, na uonyeshe kwenye mchoro kila mahali ambapo kucha lilifunika jiwe.